Mustari wa Musomaji

Kashikishi, tarehe 17 Mei 1999

Kwa Yaya Fabien, kaka yangu mukubwa,

Salamu nyingi kwako, kwa muke wako Aurélie na kwa batoto bote. Natumaini kile kikohozi ulichoniandikia wakati wa Pasaka kimekuachilia. Sisi huku tunapumua. Mama ni muzima. Magoti yanamuuma asubuhi, lakini mudomo haumuumi hata kidogo. Barua hii ninaiweka mukononi mwa yule muuzaji wa samaki, anayevuka kesho kwenda Kilwa na kutoka pale atapanda lori mupaka Lubumbashi.

Nimesikia unaambia batu wa kanisa kwamba mudogo wako ni avoka, mwanasheria. Yaya, acha. Avoka ni Bwana Rodwell, anayekuja kutoka Ndola mara moja kwa mwezi, anakunywa Fanta mbili, anatia sahihi na kwenda zake. Mimi niliingia katika kampuni ya barafu na ufagio. Nilikuta kontra, karatasi za mapatano, za miaka kumi ndani ya karton ya sabuni, panya bamezisoma kabla yetu. Hakuna aliyenituma, nilianza tu kuzipanga: za bavuvi peke yake, za malori peke yake, za viwanja peke yake. Halafu nikafungua daftari ya tarehe, kujua kontra gani inakwisha lini na barua gani lazima iende siku gani. Kiingereza nimejifunza ndani ya karatasi zilezile, ndiyo maana Kasonde wa stoo anasema nikiomba chumvi ninaiomba kama mutu anayeshitaki.

Unajua desturi ya batu wetu. Asiyejua kusoma haweki kidole cha wino kwenye karatasi mupaka aite musomaji wake mwenyewe, mutu wa nyumba yake ao jirani, asome kwa sauti bengine bakisikia. Bakubwa wa kampuni baliona ni kupoteza wakati. Kisha muvuvi akija kukana, akisema hakusomewa, banakosa ushahidi. Basi chini ya kidole nikaongeza mustari mumoja: jina la musomaji na sahihi yake. Bwana Rodwell aliuliza nani amefikiri jambo hili, na tangu siku ile akaandika katika kila kontra kwamba karatasi isiyosomwa haina nguvu. Nikapewa meza, baadaye ufunguo, baadaye kashe yenyewe, muhuri wa kampuni. Patro, mwenye kampuni, ananionyesha kwa bageni kama Mama Sheria. Kasonde akasema sasa hata kuku wangu batataga kwa kontra.

Mwaka huu kampuni inataka kujenga nyumba ya pili ya barafu, na inataka kuijenga kwenye uwanja wa mama, pale anapoanika chisense, wale samaki badogo, na bamama benzake. Marehemu baba, alipokodishia kampuni kipande cha uwanja ule, aliweka kidole kwenye karatasi inayosema hivi: kampuni inaweza kuchukua uwanja wote kwa miaka makumi mawili, ikimuandikia mwenye uwanja, naye asipokataa ndani ya siku makumi tatu. Tarehe ya kuandika ilikuwa katika daftari yangu, kwa mukono wangu. Patro akaniambia niipeleke mimi ile barua, kwa kuwa ni mama yangu haitakuwa na kelele, na ikipita vizuri nitakwenda Ndola kusimamia karatasi za matawi yote matatu.

Nilikwenda muchana, tarehe 12 ya mwezi wa ine. Mama alikuwa anageuza samaki. Wewe unamujua, hata kadi ya kliniki anaita Dorica wa jirani amusomee, na Dorica anasoma kama yuko kanisani, kisha anauliza maswali kama polisi. Nilisimama nimuite. Mama akanicheka. Akasema nimekuwa mupumbavu tangu lini, kuita mutu wa inje wakati mutoto wake mwenye kulala na karatasi ameketi hapa. Akafuta kidole kwenye kitenge, akauliza akiweke wapi.

Nilimuambia ni barua ya kampuni juu ya uwanja. Hapo nikaishia, nikamuonyesha mahali pa kidole cha kukiri ameipokea. Gamba la samaki liliganda katika wino, bado liko pale. Kwenye mustari wa musomaji niliandika Emilienne Mwape. Kisha akanipa ubwali, ugali wa huku, nikaumaliza.

Yaya, sikumusomea. Ningemusomea, angekataa, nilijua.

Siku makumi tatu zimekwisha Jumatano iliyopita. Kila asubuhi nilifungua daftari, nikaifunga. Nilingojea kusikia kitu moyoni, nikasikia tu chai imepoa. Miti ya kujengea ua imeshushwa uwanjani. Mama aliuliza ni ya nani, nikasema ya kampuni, naye akabafokea bashushaji basikanyage samaki wake.

Ijumaa Bwana Rodwell alikuwa hapa. Niliingia kumuambia, nikamuuliza kama anataka Fanta ya tatu. Atarudi tarehe 11 ya mwezi wa sita. Anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Wewe ndiwe muzaliwa wa kwanza. Ukimutumia barua hii, karatasi ya mama inakufa kwa mustari wangu mwenyewe, na kazi yangu inakufa nayo. Usipoituma, ua unasimama na mimi naenda Ndola. Sikuombi hili wala lile. Barua nimeiwekea tarehe na sahihi kama ushahidi, haikosi kitu.

Dorica na Kasonde banakusalimu. Mubusu kitinda mimba wako kwa ajili yangu. Mama naye anakusalimu sana. Ameketi hapa pembeni, anachambua mboga. Aliniuliza naandika nini kirefu hivi, nimusomee. Nimemusomea salamu.

Ni mimi mudogo wako,
Emilienne Mwape