Zabibu Iliyomkata Pumzi Agnesi Mdogo

Sparkbrook, Birmingham
Agosti 2018

Dada yangu mpendwa Agnesi,

Shikamoo. Natumaini miguu yako imepata nafuu, na kwamba shemeji yangu, mzee Alfonsi, bado ana nguvu za kugombana na mbuzi wa jirani. Mimi sijambo, ila baridi ya huku hunishika mgongo hata wakati wa kiangazi. Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Sababu yake utaiona mwishoni.

Dada, nina habari njema! Somo wako, Agnesi mdogo wa binti yangu Rozi, alikata pumzi mbele ya macho yangu, na sasa ninapoandika anarukaruka kitandani kwangu.

Kabla ya hapo, Furaha, muuguzi Mkongo wa kanisani kwetu, alikuwa ametukusanya wazee ili atufundishe kumrejesha mtoto ambaye moyo wake umesimama. Nilikwenda kwa adabu tu. Aliponipa mwanasesere wa mpira, nilimgusa kifuani kama ninayembembeleza alale.

"Papa, tia nguvu!" akanikemea. "Huyu mutoto ni ya mpira, hatakulilia!"

"Samahani, mwanangu, nachelea kumuumiza."

"Mwenye kuumia ni muzima, Papa. Sukuma!"

Wazee wenzangu walicheka hadi kufuta machozi.

Jumapili moja, tukila chakula baada ya ibada, Agnesi alipaliwa na zabibu nzima. Rozi alimpiga mgongoni, zabibu ikatoka, lakini mtoto alikuwa amelegea, midomo imegeuka rangi, hapumui. Rozi akashika simu kuita gari la wagonjwa. Mchungaji wetu, mtu mwema sana, akampakata mtoto na kuanza kumwombea, kama ilivyo desturi yetu. Waumini wakamzunguka, kila mmoja akinyoosha mkono amguse. Lakini kifua cha mtoto aliyepakatwa hakibonyezeki! Mimi niliyelelewa misheni, nisiyewahi kumkatiza mtumishi wa Mungu hata akihubiri hadi wali upoe, nikapaza sauti:

"Mchungaji, niwie radhi sana, mlaze chini! Sasa hivi!"

"Mzee Bernadi, tunaomba," akasema.

"Ombeni mkiwa mmesimama kule!"

Akamlaza. Nikampulizia pumzi kwanza, kwa maana Furaha alitwambia kwamba moyo wa mtoto mara nyingi husimama kwa kukosa hewa. Kisha nikambonyeza katikati ya kifua kwa kiganja kimoja, kwa nguvu, haraka haraka, bila haya wala huruma. Nilipoanza kuhema, mchungaji akapiga magoti kando yangu, akawa ananihesabia kwa sauti ile ile ya maombi, na kanisa zima likamwitikia.

Akakohoa, Dada! Akalia! Gari la wagonjwa lilipofika, ukumbi mzima ulikuwa ukilia pamoja naye. Hospitalini nilipomjulia hali, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba kifua kinamuuma, na kwamba anaidai zabibu yake. Siku hizi Rozi huzikata vipande vipande. Naye mchungaji ndiye wa kwanza kupiga magoti mbele ya mwanasesere wa Furaha.

Nisalimie shemeji, mwalimu wa kwaya, na Mama Yohana anayenifagilia kaburi la marehemu mke wangu.

Sikutaka kukuandikia kabla madaktari hawajamruhusu mtoto kusafiri. Wamemruhusu! Basi barua hii atakukabidhi Agnesi mdogo mwenyewe, akiwa na mama yake. Nimemfundisha kusema shikamoo. Akishaisema, tafadhali weka sikio kifuani pake, usikilize kwa niaba yangu.

Mimi mdogo wako mtiifu,
Bernadi