Mbao za Milembe

12 Januari 2025

Baba yangu mpendwa,

Mwangaluka baba. Naamini barua hii, ninayokutumia kwa simu kama kawaida yetu, inakukuta mzima, na mama, na ng'ombe wote waliobaki baada ya mahari ya kaka. Mimi mzima, ila pua imeacha kuwa yangu kwa sababu ya baridi.

Bado nipo dukani kwa mzee Anton, hapa Austria, tunakodisha skii. Zile mbao mbili nyembamba nilizokutumia picha, mtu anazifunga miguuni na kuteleza kwenye theluji. Mkataba wangu unaisha Aprili. Tulikubaliana nikikosa kazi narudi nyumbani nikasimamie gesti ya shangazi Justina pale Nyalikungu, na neno langu ni lile lile. Lakini imetokea nafasi. Mzee Anton ana timu inayofanya maonyesho kila Jumapili kwenye uwanja wa michezo ya kuruka: kuna vilima vya kurukia, na mabomba ya chuma ambayo unayapanda na skii zako na kuteleza juu yake. Anayechaguliwa anapewa kazi ya mwaka mzima. Majaribio ni Machi.

Shida ni kwamba kila mtu lazima aje na skii zake mwenyewe, na uwezo wangu ni jozi moja tu. Mmoja ananiambia chukua fupi, mwingine ndefu. Wewe umechonga nira za nusu ya kijiji chetu cha Kasoli na sijasikia ng'ombe hata mmoja akilalamika. Nichukue urefu gani?

Mwanao,
Milembe

20 Januari 2025

Ng'wanone, mwanangu Milembe,

Mwangaluka mayu. Sisi wazima kabisa. Pamba imeota vizuri, palizi inatumaliza migongo. Mama yako anauliza kama unakula, na anasema pua ipakwe samli.

Sikufichi: nataka urudi. Shangazi yako ameshaweka pazia jipya pale mapokezi, na mama yako anahesabu Aprili kama mtu anayengoja Krismasi. Ukikosa hiyo nafasi, mimi sitasikitika hata kidogo. Lakini umeniuliza jambo la ufundi, na fundi akiulizwa hujibu. Kwa hiyo najibu kwa shingo upande.

Chukua ndefu. Ikupite kichwa, tena ikupite vizuri. Ulipoanza darasa la kwanza nilikununulia sketi ya kufika kwenye vifundo vya miguu, wenzako wakakucheka, lakini uliivaa mpaka la tano. Kitu cha mtoto hununuliwa cha kukulia.

Baba yako,
Mayige

9 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Nawasalimu wote hapo nyumbani. Mimi mzima, ingawa upande wa kushoto ni mzima kidogo kuliko wa kulia, nao sio mzima.

Bahati nzuri sikununua, niliazima. Nilichukua ndefu ulizosema. Kugeuka zikakataa. Nilianza kugeuka mbele ya kanisa lao, nikamaliza kugeuka kwenye foleni ya watu wanaosubiri chai. Nimewaangusha wanne na mbwa. Wazungu wale wameniomba msamaha mimi! Baba, nina miaka ishirini na sita. Sikui tena, labda kwa upana.

Sasa nakueleza vizuri, maana mara ya kwanza sikukueleza. Skii za michezo hii zimekunjwa juu ncha zote mbili, mbele na nyuma, kwa sababu mtu huruka akiangalia mbele akatua akienda kinyumenyume. Vifungio vya viatu ndivyo vinanisumbua: mwenye duka jirani anasema vikae nyuma kidogo ya katikati, wenzangu wanasema katikati kabisa. Skii zikishatobolewa matundu yake, basi, havihamishiki. Halafu wanasema kingo za chuma zilizo chini ya mguu zipunguzwe makali, zisije zikang'ata bomba zikanitupa. Na vifungio vikazwe kwa namba inayotokana na uzito wangu, ili nikianguka viachie mguu. Mwambie mama nina kilo sitini.

Urefu bado sijui. Nisaidie, majaribio yamekaribia.

Mwanao,
Milembe

16 Februari 2025

Ng'wanone,

Mwadila mayu. Nimesoma barua yako kwa sauti, tumecheka mpaka jirani Kristofa akaja kuuliza nani amefiwa. Mama yako hakucheka. Amesema kilo sitini ni aibu, watu watadhani tulikupeleka Ulaya kufunga.

Kumbe ni vitu vya kwenda mbele na nyuma! Hayo ungesema tangu mwanzo. Jana nilichukua mbao mbili za mninga, nikazifunga miguuni kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, nikajaribu kurudi kinyumenyume pale uani. Za kunipita kichwa zilinikalisha kwenye beseni la mama yako lenye nguo zilizofuliwa. Nikazikata zikanifikia kidevuni, zikageuka vizuri ila zikatikisika. Nikachukua nyingine za kufika puani, zikanisikiliza. Nilizunguka banda la kuku mara mbili kinyumenyume, Kristofa shahidi, na sasa anasema nikapimwe hospitali Bariadi.

Kwa hiyo chukua za puani. Kuhusu vifungio: kwenye nira, pete ya mnyororo naiweka katikati kama ng'ombe wanalingana nguvu. Mmoja akiwa dhaifu, naisogeza mbali naye, apate nafuu. Wewe kwenda kwako mbele na nyuma kunalingana? Kama kunalingana, toboa katikati na usimsikilize huyo mwenye duka. Makali yapunguze pale chini ya mguu, ncha za pembe hukatwa ili fahali asimchome mwenzake. Namba ya kukaza fuata wanayosema wao, mguu hauna wa akiba.

Nimekaa nikasoma niliyoandika na kuona nimejifukuzia mtoto kwa mkono wangu. Nimetuma hivyo hivyo.

Baba yako,
Mayige

26 Machi 2025

Milembe,

Mzima wewe? Sisi wazima, lakini majaribio yamepita na wewe kimya. Simu unaipokea, unasema "nitaandika", unakata. Mama yako anasema ukimya huo ni wa mtu anayefunga mizigo. Amenunua godoro, na shangazi Justina amemwondoa kijana aliyekuwa anakaa mapokezi. Mimi nina wasiwasi na miguu yako. Kama umevunjika niambie mimi kwanza.

Baba yako,
Mayige

30 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Miguu ipo yote. Nilikaa kimya kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Nilienda na za puani, vifungio katikati. Kilima cha kwanza nikaruka, nikatua kinyumenyume, nikaenda. Bomba la chuma nikalipita mpaka mwisho bila kung'atwa. Kilima cha mwisho nikazunguka hewani, nikatua mbele ya meza ya waamuzi, pale alipokaa mzee Anton na wazee wenzake wawili. Baba, nilikuwa na furaha mpaka akili ikaruka. Nikapiga magoti kuwaamkia.

Watu wakapiga kelele. Walidhani nimevunjika! Machela ikaja mbio, vijana wawili wakanibeba nikiwa nasema "shikamooni". Nimepimwa magoti yote. Mzee Anton alikuja kwenye kibanda cha daktari amekasirika, akauliza nilikuwa nafanya nini. Nikamweleza kwamba kwetu binti hapiti mbele ya wazee wima. Akavua kofia, akasema nipige magoti kila Jumapili ila nimwarifu mtu wa machela.

Nimechaguliwa. Kazi ya kiangazi inaanza mara theluji ikiisha, kwa hiyo mwaka huu siji. Nimefurahi sana, na nimeogopa kumwambia mama. Mwambie wewe.

Mwanao,
Milembe

6 Aprili 2025

Ng'wanone,

Wabeja kwa barua. Sisi wazima, isipokuwa mama yako hasemi na mimi. Nilimwambia jana wakati wa chakula. Aliuliza jambo moja tu: nani alikwambia za puani. Nikasema mimi. Akainuka na sufuria ya mboga, nikamaliza ugali kwa chumvi.

Ningeweza kukwambia chukua za magotini. Usingejua, na leo ungekuwa njiani. Nilifikiria, sitakudanganya. Lakini ungerudi ukanikuta nachonga nira ya mtu, ukasimama kuniangalia, na mikono yangu ingekosa pa kujificha.

Nimefurahi mwanangu. Nimelia pia, zizini, nikasingizia moshi wa mavi ya ng'ombe. Asubuhi Kristofa alinikuta pale akaniuliza kama mtoto ameshinda au ameshindwa. Nikamwambia mtoto ameshinda, sisi ndio tumeshindwa. Akanipa hongera, akanipa na pole. Nimezipokea zote mbili.

Baba yako,
Mayige