Jina Langu Chini ya Katuni za Epifania

Kwa heshima zote, na kwa taarifa ya umma wa Sumbawanga na vitongoji vyake, natangaza kwamba suruali ya suti yangu ya kijivu imerudi kutoka kwa fundi ikiwa imeongezwa vidole vitatu kiunoni. Zoezi limekwenda salama na hakuna aliyejeruhiwa.

Mama Adela mpendwa, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi ipokee tu, shikamoo haiozi. Nina miaka hamsini na mbili na naomba uniokoe, kwa sababu suti hiyo ni ya mahafali ya darasa la saba kule Laela, nimealikwa nikachore katuni ubaoni mbele ya watoto na wazazi wao, nimekubali, na tangu nizaliwe sijawahi kuchora kitu kikatambulika.

Anayechora ni mke wangu, Epifania. Anauza ulezi sokoni, na chini ya meza yake ana daftari la mistari kama la mtoto wa shule, watu wanasimama pale wanazungumza mambo ya mjini, nani kaahidi nini na nani kala nini, naye anapima debe, anakung'uta, anafunga, na kati ya mteja na mteja penseli inapita kwenye karatasi mara nne, mara tano, basi, mtu yupo pale na bega lake lile lile la kujidai, na wala hajamchora sura. Miaka minne iliyopita mkubwa mmoja alizindua kisima kimoja mara tatu, kila mara kwa utepe mpya, na maji hayatoki. Epifania akachora vyumba vinne: cha kwanza utepe, cha pili utepe mrefu zaidi, cha tatu utepe umezunguka kijiji kizima, na cha nne mama mmoja ameuokota, ameuviringisha ukawa ngata, amejitwika ndoo anakwenda mtoni. Nilicheka, Mama Adela, halafu nikaacha kucheka, nikamtazama mwanamke niliyekula naye ugali miaka ishirini na miwili kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina chumba ambacho hajawahi kukiingia. Sisemi katuni ndiyo iliyotengeneza kisima. Nasema ilitoka Ijumaa, na fundi alifika Jumatano.

Kosa langu lilianzia hapo hapo. Simu ni yangu, mimi ndiye niliyepiga picha na kuituma gazetini, mhariri akauliza jina, nikadhani anataka la mtumaji. Ijumaa katuni ikatoka na jina langu chini yake. Epifania aliitazama, akalikunja gazeti, akaenda kupepeta ulezi bila kusema neno, nami nikauchukua ukimya ule kuwa ruhusa. Nilikusudia kurekebisha Jumatatu. Jumatatu mtu nisiyemfahamu akaninunulia chai na chapati pale stendi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita msema kweli. Ni mwaka wa nne huu, kila Ijumaa katuni yake inatoka kwa jina langu, na Jumatatu ya kurekebisha haijafika.

Nimejaribu kujifunza kwa siri. Nilichora ng'ombe, nikamwonyesha jirani yetu Shigela, mfugaji, mtu aliyezaliwa kati ya ng'ombe. Alikitazama kile kitu kwa huruma, akaniuliza mnyama huyo alianza kuumwa lini.

Nikisema ukweli, sokoni watajua ni nani anayewachora, watafunga midomo mbele ya meza yake, na kazi yake inaishi kwa masikio. Na nisijifanye malaika, naogopa pia kurudi kuwa Zenon tu, mume wa mama ulezi. Je, nisingizie ugonjwa, nimwombe anifundishe katika wiki tano zilizobaki, au niseme?

Zenon, Sumbawanga
(Tafadhali usichape majina.)

MAMA ADELA ANAJIBU

Wasomaji, barua hii niliijibu kwanza faraghani. Majina nayachapa sasa kwa ruhusa ya mwenye haki ya kuruhusu, na mtaona kwamba si mume. Nilimwandikia hivi:

Marahaba, Zenon. Nimekuzidi, na kwa mbali.

Nimekuonea huruma, maana mwongo wa bahati mbaya hupata taabu kuliko mwongo wa kukusudia. Huyu wa pili angalau alijiandaa. Lakini huruma yangu inaishia kwenye chapati ya kwanza. Ya pili ulikula ukijua.

Sasa nisikilize. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenieleza mkono wa mkeo, penseli yake, daftari lake, meza yake. Umemsifu mpaka nikatamani kumwona. Lakini katika barua nzima Epifania hajasema hata neno moja. Unajua Shigela alisema nini kuhusu ng'ombe wako, hujui mkeo anasema nini kuhusu jina lake. Unamshangaa kama mtu anavyoushangaa mlima: kwa mbali, na bila kuuliza kitu. Unasema unaogopa sokoni watanyamaza. Baba, nyumbani kwako watu wamenyamaza mwaka wa nne huu, na hilo hukuliogopa.

Kesho asubuhi, kabla hajatoka, kaa chini umwambie yote, na chai zimo. Usimpe ushauri. Usimwambie unamlinda. Muulize anataka jina lake lifanywe nini, kisha nyamaza wewe, kwa zamu yako. Akitaka libaki limefichwa, waandikie wa Laela kwamba huendi, na usiugue. Malaria ya uongo nayo inahitaji dawa. Akitaka lijulikane, mwandikie mhariri kwa mkono wako mwenyewe: "Nilikosea." Usiandike "kulitokea makosa," kana kwamba yalinyesha usiku.

Na kuchora, acha. Ng'ombe hawajakukosea kitu.

ZENON ALIVYOANDIKA TENA

Mama Adela, nilimwambia asubuhi ile ile barua yako ilipofika. Nilitaja chai zote ninazozikumbuka. Hakunigombeza. Aliweka ungo chini, nikajua nimekwisha. Kisha akasema, "Siku ile nilipoona jina lako, nilishukuru. Nilikuwa nimechora watu wenye vyeo. Nikasema moyoni, wakija, watamchukua huyu."

Nikamuuliza, "Huyu nani?"

"Wewe, baba Nestory. Kila Ijumaa naogopa kwa ajili yako, na kila Ijumaa nachora tena. Nilishindwa kukwambia."

Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nakunywa chai nikiwa ngao. Tulitazamana, tukashindwa kujua nani aanze kuomba msamaha, tukaanza wote pamoja. Nilipomuuliza kuhusu jina, alisema lirudi kwake. Kama ni kuogopa, ataogopa kwa ajili yake mwenyewe.

Nilimwandikia mhariri, akachapa masahihisho, lakini Laela gazeti hilo lilikuwa halijafika siku ya mahafali. Nilisimama na suti yangu nikasema mchoraji si mimi, ni mke wangu yule pale. Watu wakacheka sana, mgeni rasmi akafuta machozi, wakidhani ndiyo katuni yenyewe imeanza. Walicheka mpaka Epifania alipoinuka na kitenge chake akashika chaki. Upande mmoja wa ubao alichora turubai, masofa na soda. Upande wa pili vichwa vidogo vidogo kwa mistari, na jua juu yake. Mikwaruzo haikuzidi ishirini. Kicheko kikakatika, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tumekaa tangu asubuhi, sisi kivulini na wenye mahafali yao juani, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona. Mwalimu mkuu aliutazama ubao, akawatazama watoto, akainuka. Mgeni rasmi naye akainuka, akabeba soda yake akaenda kusimama juani. Watoto wakaingia kivulini. Sikuwa nimewahi kuona chaki ikihamisha watu wazima.

Lakini niseme ilivyo. Sokoni wamenyamaza. Justina, muuza mchele wa kutoka Mtowisa, aliyekuwa akimwaga kila habari mbele ya Epifania, sasa anasalimia na kupita. Wiki mbili katuni haikutoka. Nilimwona Epifania amekaa na daftari jeupe, na hilo ndilo lililoniuma kuliko aibu yangu yote. Kwa hiyo siku nyingine mimi ndiye ninayekaa kwenye meza ya ulezi, yeye anabaki nyumbani. Watu wanajua mimi ni nani, ila hakuna anayeniogopa, wanasema tu.

Juzi nilimpelekea kisa cha mkubwa aliyemfokea mama muuza nyanya mbele za watu. Nilikisimulia vizuri mpaka mwenyewe nikajisifu. Epifania alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Alipokuwa anafoka, mikono yake ilikuwa wapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake, na sikujua. Leo nimerudi sokoni tangu asubuhi, natazama mikono.