Wembe wa Jioni

Jumatano, Agosti. Upepo unavuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Sijatulia. Nakaa, nasimama, nakaa tena.

Mimi ni daktari wa chumba cha mahututi hapa Dodoma. Kwa miaka miwili kila kidonda cha upasuaji kilichotunga usaha kikamleta mgonjwa kwangu, nimekiandika kwenye daftari. Wenzangu wananiita Karani wa Usaha. Nacheka nao.

Leo nimekaa kulinganisha. Waliopasuliwa kwa dharura bila muda wa kunyolewa, walioletwa kutoka Bahi juu ya pikapu wakiwa na vumbi hadi kwenye kope, wengi wamepona vizuri. Waliooza vidonda ni wale tuliowaandaa kwa utulivu, wakaogeshwa, wakanyolewa kwa wembe mahali pa kupasuliwa jioni ya kuamkia upasuaji.

Nimehesabu upya mara tatu.

Wembe unachubua. Vijidudu vinalala kwenye michubuko usiku kucha, asubuhi tunapitisha kisu palepale. Sijui kama daftari hili linatosha kuitwa utafiti. Limetosha kunitoa jasho, kwa sababu amri ya kumnyoa kila mtu jioni imebandikwa ukutani na mwandiko ni wangu. Nilijiona msafi kuliko wote.

Nimekwenda wodi ya upasuaji kuibandua. Muuguzi mkuu, mama ninayemwamkia shikamoo hata nikiwa na hasira, akanitazama.

"Daktari, si wewe uliyetugombeza siku ile tulipomsahau mmoja?"

"Ni mimi, mama. Nilikosea. Kuanzia leo wembe basi."

"Haya. Ila uwaambie na wengine, maana mimi watasema nimezembea."

Nitawaambia Ijumaa kwenye kikao, mbele ya wote. Aibu naiona, lakini hilo naliweza.

Kinachonikosesha raha ni kitanda cha tatu. Yuko mwalimu wa Kizota, aliyekuja kwa miguu yake kupasuliwa ngiri. Alinyolewa kama nilivyoagiza. Sasa kidonda kimeoza, maambukizi yameingia kwenye damu, na hajitambui. Sina hakika kama nitamwokoa.

Mkewe husimama kila nikipita, ananishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki, daktari, unavyompigania mume wangu."

Nimekuwa nikiitikia amina.

Kesho asubuhi atasimama tena. Nitamwomba aketi, nami niketi, nimweleze ni nani aliyeagiza ule wembe.