Baba, Dukani Sirudi

Mpendwa Baba,

Tangu tukuzike kule Kilimanjaro, kila mtu ananiambia wewe ungetaka nini. Nimewasikiliza wote. Leo nakuandikia mwenyewe, maana mimi na wewe tulizoea kuambiana ukweli hata ukiuma.

Unaikumbuka ile Januari niliyokuwa nakusaidia dukani Kariakoo? Wazazi walipita na watoto wao kutafuta vitu vya shule, na sisi chupa za maji tulizifungia stoo, nyuma ya masufuria. Nikazitoa, nikazipanga mlangoni. Watu wakaanza kuingia. Uliporudi kutoka bandarini kufuatilia mzigo, hukuuliza tumeuza nini. Ulisema tu, "Rudisha. Duka hili lina mwenyewe."

Nilirudisha. Lakini siku ile nilijua kazi ninayoitaka: kujua watu wanahitaji nini, wapi, lini, na kukiweka pale mkono unapofika.

Nilipoajiriwa kuwa mchambuzi wa mauzo kwenye kampuni ya supamaketi, ulicheka mpaka ukavua miwani. "Yaani unalipwa kuangalia rafu?"

Ndiyo, Baba. Nilishinda kutwa kwenye tawi la Buguruni nikitazama akina mama wakishika mfuko mkubwa wa sabuni ya unga, wakiugeuza, wakiurudisha. Nikalinganisha na mauzo ya matawi mengine, nikawaambia wakubwa zangu tulete mifuko midogo. Meneja mmoja akasema nataka kuigeuza supamaketi kuwa genge la mtaani. Nikamjibu, "Genge linauza." Wakakubali ili nikome. Mifuko iliisha kabla ya wiki kwisha. Nilikupigia simu nikiwa na furaha, nawe ukasema, "Sawa. Kaka yako hapa anahitaji msaada."

Baada ya matanga, Baba mdogo aliitisha kikao. "Duka limemshinda kaka yako," akaniambia. "Wewe ndiye mwenye kichwa cha biashara. Acha kazi ya watu, urudi."

Kichwa hiki nilikuwa nacho siku zote. Wewe ulimpa kaka funguo kwa sababu ni wa kiume, na hilo tulilijua sote. Nikasema hapana.

"Unamkana baba yako?"

"Simkani. Nakataa duka."

Mama akaingilia kati. Akasema, "Mwacheni mwanangu. Lipangisheni." Kikao kikaishia hapo.

Siku ya kukabidhi, wapagazi walipoanza kutoa masufuria yako, nililia barabarani mchana kweupe. Nilikumbuka tulivyokuwa tunakunywa kahawa tumesimama pale nje, wewe ukinimegea kipande cha kashata yako kikubwa kuliko ulichobaki nacho. Nilikupenda pale. Bado nakupenda. Wanaodhani machozi yale yalikuwa majuto, wamekosea.

Sasa nimepewa kuongoza kitengo kizima, matawi yote. Nafasi hii niliiomba mara mbili nikanyimwa, nikaiomba tena. Sikuirithi kwa mtu.

Nimepata ofisi, na waliniuliza mlangoni waandike jina gani. Nimewaambia waandike langu, halafu lako. Utake usitake, Baba, kila asubuhi tunaingia kazini pamoja.

Lala salama,

Binti yako, yule mbishi