Mjomba Kaja Ofisini na Suti Yake

Jumatano jioni, Dodoma. Upepo wa leo umetujaza vumbi mpaka kwenye meno. Nimeoga, nimekunywa chai, na moyo bado haujatulia.

Mjomba, kaka yake mama, amekuja ofisini.

Sikumtarajia. Nilikuwa mapokezi napanga mafaili nikamwona anaingia, amevaa ile suti yake mpya. Aliishona kwa ajili ya siku nitakayoapishwa kuwa wakili, akasema haitatoka kabatini kabla ya hapo. Kumbe leo ameitoa. Nilifurahi kama mtoto.

Akawasalimia wote waliokuwapo, "Mbukwenyi!", nami nikampa shikamoo yake. Salamu zikaanza. Sisi Wagogo mgeni akiulizwa habari anazitoa zote, kuanzia mvua na ng'ombe mpaka kilichomtoa nyumbani, na mdogo kazi yake ni kuitikia. Humkatishi. Nimelelewa hivyo, na mama alihakikisha.

Kwa hiyo niliitikia. Zabibu za Hombolo zimekubali. Ee. Mguu wa mkewe umepona. Ee. Na kule Msalato kuna mtu anamsumbua, anadai kipande cha shamba lake, tena amekwenda kwa mawakili.

Hapo nilipaswa kumzuia. Sikumzuia.

Mjomba akacheka, akaongeza sentensi moja kuhusu lile shamba. Siiandiki hata hapa, ambapo majina ya mahali nimeyabadilisha. Itoshe kusema kwamba yule anayemdai akiisikia, mjomba hana kesi.

Na yule anayemdai ni mteja wetu. Wiki iliyopita alikaa kwenye kiti kilekile alichokalia mjomba.

Chuoni walitufundisha vizuri tu: mtu akiingia, kabla hajaeleza lolote, muulize anagombana na nani. Somo lile nililifaulu sana. Ila hakuna aliyetuambia unamuulizaje mjomba wako kabla hajamaliza salamu.

Nikamkatisha, nimechelewa. Nikamwambia ofisi yetu iko upande wa yule mwingine, asiniambie zaidi, na kwamba jengo la pili kuna wakili mzuri sana, mzoefu, nitampeleka mpaka mlangoni.

"Huyo naye ni mtoto wa nani?" akauliza.

Alitoka peke yake.

Nikaenda kwa bosi. Nikamweleza kwamba aliyetoka ni mjomba wangu, ndiye anayedaiwa shamba, na amezungumza kabla sijamzuia. Bosi akauliza amesema nini. Nikajibu kwamba hilo siwezi kulisema, maana aliniambia akinihesabu wakili wake. Nilijibu hivyo nikijua yeye ndiye anayenifundisha kazi, na wa kunitoa pale ni yeye pia. Akasema huenda tukalazimika kumwacha mteja kwa sababu yangu, nisiliguse tena lile faili, na kesho asubuhi nifike kwake tuone kama nitabaki.

Sijapata hata muda wa kulia. Nilipofika nyumbani simu yangu ilikuwa inaita, ni mama.

"Umemfukuza kaka yangu mbele za watu?"

Nikajaribu kueleza habari ya upande huu na upande ule. Mama akasikiliza, halafu akauliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, si uhamie upande wetu?" Ningecheka kama yasingekuwa yamenikuta mimi.

Nampenda mjomba. Nimemkasirikia pia. Ukoo mzima ulijinyima nisome, na wa kwanza kuja kunihitaji nimemwonyesha mlango. Nikilala upande huu naona sura yake, nikigeuka naona sura ya bosi.

Nimejiuliza jioni nzima kama bado naitaka kazi hii. Naitaka. Nikiulizwa kesho mjomba alisema nini, jibu ni lilelile la leo, hata kama nitatoka pale na mkoba wangu. Jumapili nitakwenda Hombolo kumwomba radhi kwa kumkatisha. Kwa kumkataa, hapana.

Kinachoniuma ni kimoja tu. Siku nikiapishwa, mjomba, utaivaa tena ile suti?