Mama Mmoja wa Mtaani

Chumba cha mavazi, nyuma ya ukumbi,
Jumatatu, tarehe 3.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na baridi ya huko haikuonei? Sisi wazima. Mama, wifi yako, naye hajambo, ila macho ndiyo yamegoma kabisa. Hata mimi sasa ananijua kwa sauti. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningetukana, na wewe si wa kutukanwa.

Ni habari za mwanao. Unisamehe, lakini kinyaa nilichonacho hakimezeki.

Mwisho wa mwezi huu kikundi chetu cha maigizo kinatimiza miaka arobaini. Kidevu wako (siku hizi ukimwita hivyo haitiki, anataka "Kiongozi wa Sanaa") amechapisha kitabu cha historia, karatasi zinang'aa, sura yake imo kurasa kumi na moja. Sasa mtafute mama yangu humo. Yumo ukurasa wa nne, mstari mmoja: "Mapazia ya kwanza yalishonwa na mama mmoja wa mtaani."

Mama mmoja wa mtaani! Mkazamjomba wake huyo, aliyemlisha na kumwogesha miaka yote uliyokuwa huko ukitafuta maisha!

Wewe ni shahidi. Ulikuwa malkia katika mchezo wa kwanza, umesimama juu ya kreti la soda mle kwenye ghala la mbao, kreti likavunjika, nawe ukaendelea kuhukumu watu ukiwa umekaa chini. Nani alikuwa akikuongoza kutoka nyuma ya pazia? Nani aliandika michezo, akafundisha mafundi baiskeli kutembea jukwaani, akaongoza miaka ishirini na sita? Kisha akampisha yule msomi tuliyemwita Bwana Kimya, ambaye waigizaji wake walitambaa sakafuni saa nzima bila neno, hadi watazamaji nao wakatambaa kwenda zao. Miaka mitatu tu, kikundi kikawa hoi, wakaja kumpigia mama magoti. Akarudi, akakiinua kwa miaka mitano, ndipo akamkabidhi Kidevu. Kwa mkono wake mwenyewe.

Na Kidevu amefanya nini? Chumba cha waigizaji amekigeuza ofisi, na friji kaweka. Wasichana wanabadili nguo kwenye korido ya choo. Magauni ninayoshona yananuka mkojo, Shangazi! Picha yake hapo nje ni kubwa kuliko mlango. Ptuu!

Nilimfuata. Hata kiti hakunipa. Akasema, "Dada, usichukulie hivyo. Wafadhili wakijua nimerithi kwa mke wa mjomba, wataona hiki ni kiduka cha familia." Nikamwambia, "Si ungekataa kurithi?" Akacheka, akatazama simu yake. Shukrani ya punda ni mateke, hilo nilijua. Sikujua tu kwamba punda atatoka kwenye ukoo wetu.

Lakini sikia linaloninyima raha. Mama alisikia kuna kitabu, akaniomba nimsomee alipoandikwa. Nikafungua ukurasa wa nne, nikaukodolea macho, mdomo ukaanza kusoma yasiyokuwepo: kwamba yeye ndiye mwanzilishi, kwamba bila yeye kusingekuwa na jukwaa. Akapangusa macho kwa kiganja. Akasema, "Mtoto kanikumbuka."

Tangu hapo kila asubuhi baada ya chai anataka ukurasa wake. Jana nilisahau sentensi moja, akanikumbusha yeye. Gauni la buluu kashaninyooshesha, anasema siku ya sherehe atakaa mstari wa mbele. Na ratiba ninayo hapa: Kidevu atausoma ukurasa huo huo kwa kipaza sauti.

Mpigie, Shangazi. Mimi hanisikii, wewe ndiye uliyemzaa. Mstari mmoja tu aubadilishe, kabla mama hajausikia mbele ya watu.

Nisalimie mumeo na wajukuu wote, hasa yule mtundu wa meno mapengo. Mungu akuponye goti na akulinde ugenini.

Wifi yako naye anakusalimu sana. Kaniagiza nikuandikie maneno yake kama yalivyo: ahsante kwa kuzaa mtoto mwenye shukrani.

Ni mimi nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Binti wa kaka yako.